Gari la Mwalimu Simiyu

Nafula mwanangu,

Umeenda Makina kumuaga Zainabu, na najua hutarudi mapema, maana nyinyi wawili mkikutana hamwachani. Nimepata mchana mzima. Nimekaa hapa mlangoni na daftari lako la zamani la shule, naandika, kwa sababu nikijaribu kukuambia kwa mdomo kifua kitanibana, nitakohoa, wewe utakimbilia maji, na habari itaishia hapo. Imeishia hapo mara nyingi.

Sitakuandikia mambo ya kula, wala ya kuchagua marafiki, wala ya kwenda kanisani. Hayo nimeyasema mpaka umechoka, na mengine umeshanipita mimi mwenyewe. Nataka kuandika juu ya kazi ya magari unayoenda kuanza Mombasa, kwa kuwa magari hayo hayo ndiyo yaliyokulisha. Tofauti ni kwamba wewe utakuwa unatafuta kilichofichwa, na mimi nilikuwa ndiye ninayeficha.

Ulinieleza kwa furaha siku ile ulipopigiwa simu. Yadi inapokea magari yaliyotumika, watu wa huku bara hawawezi kusafiri kuyaona, kwa hivyo wewe utayakagua, utapiga picha, utaandika ripoti, na mtu wa Kakamega au Nyeri atanunua kwa kuamini maneno yako. Ukasema utaanza na aina moja tu, lile gari la saluni la saizi ya kati ambalo kila mwalimu na kila nesi analiota, uandike kizazi cha kwanza mpaka cha tatu, mnunuzi ajue achague gani. Ukacheka. "Mathe, hiyo gari si unaijua kuliko mtu yeyote?"

Nami nikacheka. Halafu nikaenda choo cha plot nikakaa huko kitambo.

Naijua, ndiyo. Nimepaka rangi Kawangware miaka mingi, nikitoka hapa mtaani kwetu Lindi kwa miguu kila asubuhi, na gari hilo limepita mikononi mwangu katika maumbo yake yote. Kizazi cha kwanza tulikiita Sabuni, kwa sababu kila pembe yake ilikuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichoogewa na familia nzima. Bati lake lilikuwa zito. Injini yake hata fundi aliyelewa angeifungua na kuirudisha. Ugonjwa wa Sabuni ni kutu, na kutu yake haianzii mahali mtu anapotazama. Inua zulia la buti, toa tairi la spea, tia kidole pale chini. Kisha pitisha mkono ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma. Ukikuta Sabuni imechoka kila mahali lakini matao yake yanang'aa, mtu amepita hapo na puti, ule udongo wa kuzibia bati. Kuna wakati mtu huyo alikuwa mimi. Usimwandikie mnunuzi kwamba ni gari baya kwa sababu ni la kale. Mwandikie kwamba spea zinazidi kuadimika, na kwamba likigonga, halina mfuko wa hewa wa kumpokea.

Kile cha tatu, ambacho sisi gereji tuliita Dijitali, kinawaka kwa kubonyeza kidude na kinakunywa mafuta kidogo kama ndege. Vijana wanakipenda. Bati lake ni jepesi, ukilisukuma kwa kidole gumba linaingia ndani. Giaboksi yake inataka oili yake yenyewe, na ikitiwa oili yoyote tu ya dukani haipigi kelele, inakufa polepole mpaka siku moja gari linakataa mlima. Kwa hiyo ukikagua Dijitali, usifurahie skrini. Uliza karatasi za sevisi. Fika asubuhi kabla hawajaliwasha, ushike bonet kwa kiganja. Ikiwa ni ya moto, mtu ameamka kabla yako ili usisikie jinsi injini inavyoamka.

Cha katikati ni Macho. Ukiona taa zake za mbele utaelewa jina. Hiyo ndiyo ningenunua hata leo kama ningekuwa mtu wa kununua gari. Injini ya Macho inavumilia, giaboksi haimsumbui anayebadilisha oili kwa wakati, viti vya nyuma vinabeba watoto watatu bila magomvi, na ikigonga-gonga miguu ya mbele kwenye barabara mbaya, hizo ni raba tu, zinabadilishwa mchana mmoja. Kila mtu aliitaka. Na kwa kuwa kila mtu aliitaka, ndiyo iliyoghushiwa kuliko zote. Hakuna anayejisumbua kughushi gari lisilotakiwa.

Sasa nitakuambia ya Macho moja.

Unamkumbuka Mwalimu Simiyu alivyokuwa, akikufundisha hesabu jioni bila kuitisha kitu, kwa sababu sisi sote ni watu wa Bungoma. Mkewe, Roselida, Mama Tabitha, ndiye aliyekuwa akikusuka Jumamosi. Ulikuwa darasa la sita. Baba yako alikuwa ameshaenda, na gereji ndiyo ilikuwa kila kitu chetu.

Gereji ilikuwa kwenye plot ya Njoroge, na Njoroge mwenyewe alikuwa akitafuta magari na kuyauza. Asubuhi moja nilikuta Macho imesimama kwenye kona yangu, haina rangi kuanzia milango ya mbele kwenda nyuma. Nikainama. Nikaona mshono wa welding ukipita chini ya viti vya mbele kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukapanda kwenye nguzo za milango, ukakutana juu ya paa. Hayo yalikuwa magari mawili. Moja liligongwa nyuma, lingine liligongwa mbele, yakakatwa kiunoni, na nusu mbili zilizobaki nzima zikachomelewa pamoja. Na hata kuchomelewa kwenyewe kulifanywa kwa haraka. Kuna mahali chuma hakikushika, niliona mwanga ukipita.

"Njoroge," nikamwambia, "hii imeungwa."

"Ndiyo maana nimekuita wewe," akasema. "Welder amemaliza yake. Sasa tunataka mkono wako. Wewe ukipaka, hata Mungu anahitaji miwani."

Nafula, nimejiuliza miaka yote hii kwa nini niliifanya ile kazi. Nimejiambia ni kwa sababu yako, karo, chumba, chakula. Watu wakisikia hivyo wanatikisa kichwa wananihurumia. Lakini nikiwa peke yangu najua kwamba kulikuwa na kitu kingine. Nilipenda alivyosema. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye gereji ile, wanaume walinicheka miaka miwili ya kwanza, na sasa mwenye plot anakuja kwangu na gari lisilowezekana. Nilitaka kuona kama nitaweza.

Nikaweza. Nilijaza mshono kwa puti, nikapiga msasa, nikajaza tena, nikapiga tena, siku nne. Nikatafuta rangi ya kijivu mpaka nusu ya nyuma ikawa mtoto wa nusu ya mbele. Siku ya tano mafundi wenzangu waliizunguka wakishindana nani ataona mahali pa kiungo. Hakuna aliyeona. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nilikununulia mandazi, labda wewe hukumbuki.

Wiki iliyofuata Mwalimu Simiyu aliingia gerejini akiwa na shati lake la kanisani. Sikujua kama ndiye mnunuzi. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka, na alikuwa akiwauliza watu kanisani kila Jumapili, Sabuni au Macho, Sabuni au Macho, mpaka ikawa mzaha. Njoroge alimwonyesha gari, akamwashia injini, halafu akasogea kando kujibu simu. Mwalimu akaja hadi kwenye kona yangu.

"Mama Nafula, kumbe unafanya hapa! Basi Mungu yupo. Wewe ni mtu wetu. Niambie kama dada, kati ya hizi zote ningechukua gani?"

"Macho ni gari nzuri, Mwalimu," nikasema. "Injini haisumbui. Kwa mtu mwenye familia, ni hiyo."

"Na hii hapa?"

Njoroge alikuwa mbali. Hangesikia. Nilikuwa na wakati wa kutosha kusema neno moja.

"Hii," nikasema, "nimepaka mimi mwenyewe."

Akashika mkono wangu uliojaa rangi kwa mikono yake yote miwili. "Basi hiyo inatosha," akasema. "Hiyo inatosha kabisa."

Nenda ukatafute uongo katika maneno niliyomjibu. Hutaupata. Macho ni gari nzuri, kweli. Nilipaka mimi mwenyewe, kweli. Nilisema ukweli juu ya Macho zote ili ninyamaze juu ya Macho ile moja. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu ripoti zako zitakuwa za aina hiyo. Mtu ataweza kukuambia uandike kurasa tatu za sifa za kizazi cha pili, zote za kweli, na gari lililo mbele yako likawa jeneza. Andika juu ya aina ukitaka, watu wanahitaji kujua. Lakini mtu hanunui aina, Nafula. Ananunua gari moja, na ndani ya hilo moja anaweka watoto wake.

Waliondoka mwezi wa kumi na mbili kwenda kwa wazazi wa Roselida, upande wa Kimilili. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona lori lilikuja upande wao kidogo, Mwalimu akapinda, gari likaingia mtaro. Ajali ya kawaida tu, ya watu kushuka wakijipangusa matope na kucheka kwa woga. Nusu ya mbele ilisimama kwenye mtaro na Mwalimu ndani yake, bila hata mkwaruzo usoni. Nusu ya nyuma ilichanika ikabingirika. Roselida alikuwa nyuma na Tabitha mapajani. Roselida alikufa pale pale. Tabitha alivunjika mkono mahali pawili.

Mabaki yaliletwa Kawangware, kwa kuwa Njoroge aliyanunua tena. Niliyaona. Pale palipochanika puti yangu ilikuwa inaonekana, nene kama kipande cha mkate, na juu yake rangi ya kijivu haikuwa na ufa hata mmoja. Njoroge alisimama kando yangu.

"Barabara ilikuwa mbaya," akasema. "Usianze kuongea maneno."

Kisha akazunguka, akagonga bonet kwa vidole. "Mbele bado iko poa. Tutaitafutia nyuma."

Ningependa kukuandikia kwamba nilimkemea, kwamba nilitupa vifaa vyangu nikaondoka. Ilipoungwa tena, nilimwambia ninaumwa. Nikakaa nyumbani siku tatu, mtu mwingine akaipaka, na siku ya nne nikarudi kazini. Gari hilo sijui liko kwa nani. Mara nyingine nikiona Macho ya kijivu ikipita barabarani naangalia nguzo ya mlango mpaka inapotea.

Kwenye mazishi niliimba. Wewe ulilia sana, nami nilikufunika kwa leso yangu ili usione uso wangu.

Lakini si kifo hicho pekee ninachotaka ujue. Ripoti ya polisi iliandikwa kwamba dereva alikuwa na mwendo wa kasi. Wazazi wa Roselida wakaiamini, kwa nini wasiiamini? Mtu mzima bila mkwaruzo, na binti yao amelala kaburini. Wakamchukua Tabitha. Wakamwambia Mwalimu asikanyage boma lao. Na Mwalimu mwenyewe, kwa kukosa maelezo mengine, akaanza kuamini. Kila akikumbuka ile kona, mwendo wake ulikuwa umeongezeka kidogo. Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa zima, akaomba msamaha kwa kumuua mke wake kwa haraka zake. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Kanisa likasema amina. Nami nikasema amina.

Aliacha kufundisha. Unamjua sasa, yule mzee anayekaa nje ya chumba chake karibu na bomba la maji, anayesalimia watoto na hajui siku ya wiki. Si mzee, Nafula. Ananizidi miaka mitatu. Umekuwa ukimpelekea uji, na kila ukirudi na kikombe kitupu ukisema "Mwalimu amesema asante", mimi nimekuwa nikiosha kile kikombe.

Ulipopata kazi hii, nilikaa wiki mbili bila usingizi mzuri. Halafu mchana mmoja nikaenda kwake, nikaketi kwenye jerikeni lake, nikamwambia yote, kuanzia mshono mpaka amina. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Siku ile nilipokushika mkono, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Wanawake walikuwa wakichota maji, wakitusalimia, nasi tukiwaitikia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hivyo sikuwa nakimbia."

"Hukuwa unakimbia, Mwalimu."

Akarudia. "Sikuwa nakimbia." Akalia hapo nje mbele ya watu, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumgusa.

Mwezi uliopita niliposema naenda mazishi nyumbani, nilikudanganya. Nilienda Kimilili na Mwalimu. Alitaka niseme kwa mdomo wangu mbele ya mama yake Roselida. Nilisema. Nilichora hata chini kwa kijiti, gari linakatwa hapa, linaungwa hapa. Yule mama ni mzee sana sasa. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo. Nilipomaliza akaagiza Mwalimu aletewe kiti. Mimi niliachwa nimesimama, na ilikuwa haki. Tabitha alitoka nyumbani, msichana mrefu, mkono wake wa kushoto haunyooki. Alimwendea baba yake. Mimi hakunitazama. Nilipoomba msamaha, mama mzee akasema, "Umeongea. Sasa nenda." Hakuna aliyenisindikiza. Nikangoja barabarani saa nzima, na Mwalimu hakuja. Alibaki huko siku tano. Alirudi amenyoa ndevu.

Usifikiri mambo yamepona. Roselida hajarudi, na miaka ya Tabitha bila baba haijarudi. Mwalimu hanisalimii. Nilimwambia Njoroge kwamba nimesema, na Njoroge, ambaye sasa ana gorofa na anawasalimia watu vizuri, akaniambia nimezeeka vibaya. Mwalimu ametafuta wakili. Wiki ijayo nitaandika kwa wakili huyo haya niliyokuandikia wewe, nitie sahihi. Baada ya hapo huenda nikaitwa, huenda nikafungwa, sijui. Sikutaka uyasikie ukiwa Mombasa, kwa simu, kutoka kwa mtu mwingine.

Kazini kwako utajifunza mengi kuliko niliyo nayo, kuna mashine siku hizi. Lakini chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa. Ipitishe kwenye nguzo, kwenye paa, kwenye kizingiti cha mlango. Ikishika bati, sawa. Ikidondoka, hapo kuna puti. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utazame tarehe, kisha utazame wa kiti cha nyuma. Ikiwa miaka yao haifanani, uliza. Inua zulia chini ya viti vya mbele hata kama mwenyewe amekasirika. Na ukishajua, andika. Usiandike kwamba kizazi hicho kinasifika. Andika kwamba gari hili limeungwa. Maneno matatu. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuyasema bila mtu kunisikia isipokuwa yule aliyehitaji kuyasikia.

Siku itafika bosi, au rafiki, au mtu anayekusifu sana, atataka ukae kimya kidogo tu. Sijui utafanya nini. Mimi mama yako, niliyekulea, nilipofikiwa na siku hiyo nilifanya nilichokuandikia. Siwezi kusema damu yetu ni safi. Naweza tu kukuambia jinsi inavyokuwa baadaye.

Barua hii nitaiweka ndani ya koti lako, uisome ukiwa safarini, si hapa mbele yangu. Usinipigie siku hiyo hiyo. Ukimaliza kuisoma na ukaona huwezi kunipigia kwa muda mrefu, nitaelewa, nami sitamtuma mtu akuombe.

Na huko uendako, mtu wa nyumbani akikuuliza kama wewe ni binti wa yule mwanamke aliyepaka gari la Mwalimu Simiyu, usinikane kwa ajili yangu, wala usinitetee. Mwambie ndiyo.

Ni mimi niliyekuzaa,
Consolata Nanjala